Upasuaji na vileo: Kwa nini daktari ahitaji kujua kuhusu miraa, bangi na pombe

MGONJWA anayesubiri kupasuliwa huulizwa maswali mengi. Alikula lini mara ya mwisho? Amewahi kupasuliwa? Anaugua pumu, kisukari au shinikizo la damu? Kuna dawa ambayo mwili wake huikataa? Kisha huja swali ambalo wengi hulijibu upesi, kwa neno moja: je, wewe hutumia dawa za kulevya?

Katika mji wa Bisil, Kaunti ya Kajiado, jibu la "la" huweza kutolewa na mtu mwaminifu kabisa ambaye usiku uliotangulia alitafuna miraa hadi alfajiri. Si kwamba amekusudia kudanganya. Kwake yeye, dawa za kulevya ni heroini na kokeini, vitu anavyovisikia katika taarifa za habari kutoka Mombasa na Malindi. Miraa ni zao la shambani linalouzwa hadharani kando ya barabara. Ugoro ni kiburudisho cha wazee. Pombe ni pombe tu. Nayo bangi, ambayo anajua fika kwamba ni haramu, hathubutu kuitaja mbele ya mtu aliyevaa koti jeupe, asiyejua ataipeleka wapi habari hiyo.

Mtaalamu wa nusukaputi, yaani yule anayemtia mgonjwa usingizi na kumlinda hadi aamke, hajishughulishi na majina ya vitu hivyo sokoni wala na namna sheria inavyovitazama. Anachotaka kujua ni kilichomo mwilini, kwa sababu dawa atakazozitumia zitakutana nacho humo humo, mgonjwa akiwa hana uwezo wa kusema lolote.

Idadi ya wanaohusika si ndogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, ulionyesha kwamba mtu mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya alikuwa akitumia angalau kimoja kati ya vitu hivi, tumbaku ikiwemo. Watumiaji wa miraa walikadiriwa kuwa 964,737 na wa bangi 518,807.

Barabara ya Namanga

Bisil ni mji wa mifugo. Umekaa kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwenda Namanga, kusini mwa mji wa Kajiado, na soko lake la ng'ombe, mbuzi na kondoo huwakutanisha wafugaji wa Kimaasai na wachuuzi wanaotoka mbali. Malori hupita usiku na mchana, mengine yakipeleka mifugo machinjioni, mengine yakivuka mpaka kuingia Tanzania. Palipo na madereva wanaokesha, matingo, wachuuzi wanaosubiri soko lifunguliwe na vijana wa bodaboda, miraa na muguka havikosekani.

Ajali nazo hazikosekani katika barabara ya aina hii. Mgonjwa anayehitaji upasuaji mkubwa hupelekwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado, au husonga mbele hadi Kitengela na Nairobi. Safari hiyo yenyewe huongeza tatizo. Waliomwona akitafuna au akinywa hubaki nyuma Bisil. Anayefika naye hospitalini huenda ni msamaria mwema tu, au ndugu aliyepigiwa simu akiwa kwingine. Mtaalamu anayempokea hana wa kumuuliza ila mgonjwa mwenyewe, na mgonjwa ana maumivu, hofu, na pengine aibu.

Sheria pia imechangia kuwachanganya watu. Nchini Kenya miraa ilitambuliwa rasmi kuwa zao la biashara mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka wa Namanga kitita kile kile, huko kikiitwa mirungi, ni kosa la jinai. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 2014. Mwezi Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilijaribu kuzuia muguka, na mvutano mkali ukazuka kati yazo, wakulima wa Embu, mahakama na Serikali ya Kitaifa. Mwananchi anayefuatilia mabishano hayo huweza kudhani kwamba kilicho halali hakina madhara na kilicho haramu ndicho cha kuhofiwa. Katika chumba cha upasuaji mpaka huo haupo. Pombe iliyolipiwa ushuru inaweza kumletea mgonjwa msukosuko mkubwa kuliko msokoto wa bangi.

Miraa hufanya nini mwilini

Miraa hulimwa zaidi katika milima ya Nyambene, Kaunti ya Meru, ilhali muguka hutoka hasa Embu. Miraa hufungwa kwa majani ya mgomba na kusafirishwa mbio kwa sababu kiini cha nguvu yake, kemikali iitwayo kathinoni, huanza kupotea mara tu tawi linapoanza kukauka. Maabara ya Umoja wa Mataifa iliitambua kemikali hiyo mwaka 1975, na ikabainika kwamba umbo lake linafanana na la amfetamini. Tangu mwaka 1986 kathinoni imo katika orodha ya kemikali zinazodhibitiwa kimataifa, ingawa mti wenyewe haumo.

Mtu anapotafuna, kathinoni hufikia kilele katika damu yake baada ya muda wa saa moja na nusu hadi tatu na nusu. Kazi yake ni kuusukuma mwili utoe kwa wingi kemikali zake wenyewe za kuamsha, zile zile zinazomfanya mtu aliyeshtuka ahisi moyo ukimdunda. Mapigo ya moyo huongezeka, shinikizo la damu hupanda, usingizi hutoroka, njaa hukatika. Hiyo ndiyo hali ambayo watafunaji huiita handasi.

Sasa mtu huyo alazwe juu ya meza ya upasuaji.

Halothani, dawa ya usingizi ya kuvuta iliyotumika kwa miongo mingi katika hospitali za Afrika, huufanya moyo uwe mwepesi kuyumba panapokuwa na kemikali nyingi za kuamsha katika damu. Mapigo huweza kupotea mpangilio. Ketamini, ambayo inapendwa sana katika hospitali za mashinani kwa kuwa haizimi pumzi kwa urahisi na haihitaji mitambo mingi, nayo kwa tabia yake hupandisha mapigo na shinikizo la damu. Mwenye miraa mwilini tayari amepanda, ketamini humwongezea. Mtaalamu akijulishwa mapema anaweza kuchagua dawa nyingine, kupunguza kipimo au kungoja. Asipojulishwa ataona tu tarakimu zikipaa kwenye mtambo na kuanza kubahatisha sababu.

Mambo hugeuka upande wa pili kwa mgonjwa anayechomwa sindano ya ganzi mgongoni, kama inavyofanywa kwa kina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji na kwa wanaotengenezwa mguu au ngiri. Sindano hiyo aghalabu huteremsha shinikizo la damu. Dawa mojawapo inayotumiwa kulipandisha ni efedrini, na efedrini hufanya kazi kwa njia inayofanana na ya miraa yenyewe: hukamua akiba ya mwili ya kemikali za kuamsha. Kwa mtu aliyetafuna usiku kucha, akiba hiyo huenda imekwisha kukamuliwa. Dawa hudungwa, shinikizo lisipande inavyotarajiwa. Kwa yule ambaye miraa bado inamchemka damuni, dawa hiyo hiyo huenda ikalipandisha kupita kiasi. Zipo dawa nyingine zinazobana mishipa moja kwa moja bila kutegemea akiba hiyo, lakini anayezihitaji sharti ajue kwamba anazihitaji.

Tumbo ni jambo jingine, na pengine ndilo linalosahauliwa zaidi. Kanuni ya kawaida ni kwamba mtu mzima asile chakula kigumu kwa muda wa saa 6 kabla ya usingizi, wala asinywe hata maji kwa muda wa saa 2. Shabaha ni tumbo liwe tupu, kwa sababu mtu aliyelazwa kwa nusukaputi hawezi kukohoa. Chakula kikirudi kooni huingia mapafuni na kinaweza kumuua. Miraa hupunguza kasi ya tumbo kujimwaga. Isitoshe, mtafunaji humeza maji ya majani usiku kucha, huku akishushia soda au chai na kutafuna njugu na peremende za kutafuna ili kuondoa uchungu. Kwa kuwa njaa imekatika, asubuhi husema kwa dhati kwamba hajala kitu tangu jana mchana. Tumbo lake halikubaliani naye.

Baada ya upasuaji, watafunaji wengine hupata shida ya kukojoa, kwani miraa hukaza misuli ya shingo ya kibofu. Shida hiyo ikichanganyika na ganzi ya mgongoni mgonjwa huweza kuhitaji kuwekewa mpira wa mkojo. Kufunga choo, ambako ni mazoea ya watafunaji, si jambo dogo kwa aliyeshonwa tumbo. Siku ya kwanza au ya pili bila miraa, mtu huweza kuwa mchovu, mzito na mwenye huzuni, na akilala huota ndoto za kutisha. Hali hiyo si hatari kwa maisha, ila muuguzi asiyejua chanzo chake huweza kuihesabu kuwa dalili ya maradhi mengine.

Siku ya tatu wodini

Kati ya vileo vyote, pombe ndiyo inayohitaji kusemwa kwa uwazi mkubwa kuliko inavyosemwa. Hapa hakulengwi chupa moja ya harusini. Anayelengwa ni mtu anayekunywa kila siku au karibu kila siku, iwe bia, mvinyo wa chupa ndogo, chang'aa au pombe ya asali.

Mwili wa mnywaji wa kila siku umezoea kufanya kazi ndani ya pombe. Mara nyingi huhitaji dawa nyingi zaidi ili alale, ilhali ini lake huenda limechoka na haliwezi kuzisafisha dawa hizo vizuri. Ini ndilo linalotengeneza viini vya kugandisha damu. Likichakaa, jeraha huvuja kwa muda mrefu. Aliyelewa siku yenyewe ya upasuaji ana tatizo la kinyume: dawa kidogo humlaza sana, na tumbo lake limejaa.

Hata hivyo, hatari kubwa huja baadaye, wakati ambapo familia imekwisha kushukuru kwamba upasuaji umefaulu. Saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho, mnywaji wa muda mrefu huanza kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa utulivu. Anaweza kupatwa na kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa kabisa, huona wadudu au watu wasiokuwepo, hung'oa mipira na mabomba, hutaka kutoka kitandani wakiwa na mshono mbichi. Joto la mwili hupanda na moyo hukimbia. Wodi nzima huweza kudhani ni malaria iliyopanda kichwani, au usaha tumboni, au wazimu. Wapo watakaosema amerogwa. Hali hiyo isipotibiwa huua. Tiba ipo na dawa zake si za ajabu, lakini huanza na muuguzi kujua kwamba mtu huyu alikuwa akinywa kila jioni kwa miaka mingi.

Ndiyo maana mnywaji wa kila siku hashauriwi kuacha ghafla, peke yake, siku chache kabla ya upasuaji ili aonekane safi. Kuacha ghafla bila uangalizi kwaweza kumletea mtikisiko huo huo nyumbani. Aseme ukweli wiki kadhaa mapema apangiwe namna ya kupunguza.

Bangi na mengine

Bangi imeandikwa sana katika miaka ya hivi karibuni, hasa kutokana na majimbo ya Marekani yaliyoihalalisha. Katika jimbo la Colorado, madaktari waliopitia rekodi za wagonjwa 250 waliotiwa usingizi kwa ajili ya uchunguzi wa tumbo walichapisha matokeo yao mwaka 2019: waliokuwa wakitumia bangi mara kwa mara walihitaji dawa ya usingizi iitwayo propofoli kwa zaidi ya mara tatu ya kiwango walichohitaji wengine. Idadi ya watumiaji katika rekodi hizo ilikuwa ndogo, lakini tofauti yenyewe ilikuwa kubwa mno kupuuzwa. Mtaalamu asiye na habari huona mgonjwa anajinyonga kwa kikohozi au anafumbua macho wakati ambapo, kwa kipimo cha kawaida, alipaswa kuwa amezama usingizini.

Mwezi Januari 2023, chama cha Marekani cha wataalamu wa ganzi na tiba ya maumivu kilitoa mwongozo unaotaka kila mgonjwa aulizwe kuhusu bangi kabla ya kulazwa, na upasuaji usio wa dharura uahirishwe kwa angalau saa 2 baada ya mtu kuivuta. Sababu ni moyo: katika saa ya kwanza baada ya kuvuta, uwezekano wa kupatwa na mshtuko wa moyo huongezeka. Mwongozo huo pia uliwatahadharisha madaktari kwamba mvutaji wa kila siku huenda akasikia maumivu makali zaidi baada ya upasuaji. Asiyesema huachwa na dawa za maumivu zisizomtosha, kisha huitwa msumbufu.

Sigara na ugoro si vitu vya kuchekea katika orodha hii. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwezi Januari 2020 kwamba mvutaji anayeacha takriban wiki 4 kabla ya upasuaji hupunguza hatari ya matatizo na hupona vizuri zaidi, kwani damu hufika vyema kwenye kidonda. Hata siku moja bila sigara ina faida, kwa kuwa gesi yenye sumu itokayo kwenye moshi huanza kuondoka katika damu.

Kwa watumiaji wa heroini, na kwa wale wanaopewa methadoni katika mpango ulioanza nchini Kenya mwishoni mwa mwaka 2014, kanuni ni fupi: methadoni isiachwe kwa sababu ya upasuaji, na daktari ajue kipimo chake. Ziko dawa za maumivu ambazo zikidungwa kwa mtu huyo humtumbukiza papo hapo katika mateso ya kukosa dawa aliyoizoea. Vivyo hivyo kwa anayemeza tramadoli za kununua bila cheti.

Dawa za mitishamba nazo zitajwe. Jamii ya Kimaasai ina elimu pana ya miti inayochemshwa katika supu ya nyama, na mingine, kama ule uitwao olkiloriti, husifiwa kwa kuwapa morani nguvu na ujasiri. Kinachompa mtu nguvu kina kazi kinachofanya mwilini, na mtaalamu wa nusukaputi anayo haki ya kukijua.

Nani atasikia?

Woga wa polisi ndio sababu inayotajwa zaidi na wanaoficha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inasema kwamba habari za mgonjwa, hali yake na matibabu yake ni siri, na haziwezi kutolewa ila kwa idhini yake, kwa amri ya mahakama, au pale sheria au hatari kubwa kwa afya ya umma inapolazimu. Katiba ya mwaka 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31, na katika Kifungu cha 43 inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Daktari hana wajibu wa kumpigia afisa wa polisi simu kwa sababu mgonjwa amekiri kuvuta bangi. Sheria hiyo ya Afya, kwa upande mwingine, inamtwika mgonjwa wajibu wa kumpa anayemtibu habari sahihi kuhusu hali yake.

Ni kweli kwamba ulinzi huo si ukuta usiopenyeka. Dereva aliyehusika katika ajali anajua kwamba kesi inaweza kufuata, na mahakama ina uwezo wa kuagiza rekodi zitolewe. Hofu yake si ya kijinga. Ila ni vyema apime vitu viwili alivyo navyo mbele yake: kesi ambayo huenda ikaja baada ya miezi, na usingizi ambao atatiwa katika saa moja ijayo.

Tatizo lililo gumu zaidi kuliko polisi ni watu wa nyumbani. Wagonjwa wengi kutoka vijiji vinavyouzunguka mji wa Bisil huzungumza Kimaa kwa ufasaha kuliko Kiswahili. Mhudumu asiyejua lugha hiyo humtafuta wa kumtafsiria, na aliye karibu ni mwana, mkwe au jirani. Kijana wa Kimaasai hataketi mbele ya baba yake au wazee wa rika la juu akahesabu chupa alizokunywa. Mama mjamzito hatasema mbele ya mama mkwe kwamba hutafuna muguka. Mzee mwenye heshima zake hatamwambia mwanawe akatafsiri kwamba hawezi kumaliza siku bila kinywaji. Jibu litakalofika kwenye fomu ni "la", na kila mtu chumbani atakuwa amelinda adabu.

Hospitali inaweza kulitatua jambo hili bila gharama. Jamaa waombwe watoke kwa dakika chache, na aitwe muuguzi au mfanyakazi mwingine wa hospitali ajuaye Kimaa. Swali nalo liulizwe upya. "Unatumia dawa za kulevya?" ni swali baya, linauliza kuhusu tabia na linasikika kama shtaka. Swali zuri hutaja vitu kwa majina yake na halimtazami mtu kwa dharau: miraa au muguka ulitafuna lini mara ya mwisho? Pombe je, jana, juzi? Ugoro? Bangi? Mara ngapi kwa wiki? Katika hospitali nyingi za kaunti anayetoa nusukaputi si daktari bingwa bali ni tabibu au muuguzi aliyesomea kazi hiyo, mwenye wagonjwa wengi na muda mchache. Dakika tatu za maswali ya aina hii humwokolea saa nzima ya kuhangaika.

Mgonjwa asiyeulizwa vizuri anaweza kuanza mwenyewe. Hahitaji hotuba. Inatosha kumwambia mhudumu, "Kuna jambo nataka kukueleza tukiwa wawili," kisha ataje kitu alichotumia, kiasi, na saa aliyokitumia mara ya mwisho. Saa ndiyo muhimu kuliko yote. "Nilitafuna jana kuanzia saa mbili usiku mpaka saa tisa" ni habari inayoweza kufanyiwa kazi. "Huwa natafuna kidogo" haimsaidii mtu. Na ikiwa alikwisha kusema "la" asubuhi, angali anaweza kubadilisha jibu lake alasiri, hata akiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu mlangoni pa chumba cha upasuaji. Hakuna atakayemrudisha nyumbani kwa adhabu. Upasuaji usio wa dharura ukisogezwa mbele kwa saa kadhaa au kwa siku, kinachongojwa ni damu yake itulie na tumbo lake lijimwage.

Kwa anayejua tarehe yake mapema, ushauri wa miraa ni rahisi kuliko wa pombe: asitafune usiku wa kuamkia upasuaji wala siku yenyewe, na akiweza kupumzika siku kadhaa kabla yake ni bora zaidi. Anayehisi kwamba kuacha kumemshinda anaweza kupiga nambari ya bure ya NACADA, 1192.

Kwa anayeletwa kwa dharura, hakuna kungoja, na hapo ushahidi wa aliyeandamana naye huwa na thamani ya pekee. Tingo aliyekuwa ndani ya lori, mwenzake wa bodaboda, au mwenye kibanda alichokuwa ameketi, mmoja wao apande gari la wagonjwa, au angalau nambari yake ya simu iandikwe na kupelekwa pamoja na majeruhi mpaka Kajiado.

Anayeruhusiwa kwenda nyumbani pia ana la kukumbuka. Kwa muda wa saa 24 baada ya nusukaputi haifai kuendesha gari wala pikipiki, na pombe haichanganywi na dawa kali za maumivu. Dereva ndiye aliye katika mtego hasa: dawa za maumivu humletea usingizi, naye anajua dawa ya kuufukuza usingizi inauzwa wapi. Miraa humfumbua macho tu. Mikono na akili hubaki na uzito wa dawa za hospitali, na kutoka Bisil hadi Namanga barabara imenyooka mwendo mrefu.